BAL: Ligi ambayo klabu haimiliki kifua chake

Aprili 2024 jezi za RS Berkane zilikamatwa uwanja wa ndege wa Algiers. Zilikuwa na ramani ya Morocco inayoijumuisha Sahara Magharibi, na Waalgeria wakasema hiyo haiingii hapa. Mechi ya kwanza ya nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger haikuchezwa. CAF ikawapa Berkane ushindi wa mezani wa mabao 3-0, wakaenda zao fainali. Shabiki wa Simba hahitaji kuelezwa Berkane ni kina nani, maana mwaka mmoja baadaye walibeba kombe hilohilo mbele ya macho yake pale Amaan, Zanzibar.

Sakata hilo lilijadiliwa vijiweni mpaka likachakaa. Lakini mwezi mmoja na ushee kabla yake, Machi 2024, kulikuwa na sakata jingine la jezi, na hili lilituhusu sisi wa ukanda huu moja kwa moja. Halikupata kelele kwa sababu ulikuwa mpira wa kikapu.

Dynamo ya Bujumbura ilikuwa Pretoria, Afrika Kusini, ikicheza kwa mara ya kwanza Basketball Africa League, yaani BAL. Hakuna timu ya Burundi iliyowahi kufika huko kabla yake. Mechi ya kwanza ikawapiga wenyeji Cape Town Tigers pointi 86-73. Ila waliotazama kwa makini waliona kitu: kifuani, mahali ambapo jezi za BAL zilikuwa na maandishi ya Visit Rwanda, wachezaji wa Dynamo walikuwa wamebandika utepe.

Siku iliyofuata walitakiwa kucheza na FUS Rabat. Ligi ikawaambia hakuna utepe tena, vaeni jezi kama ilivyo. Dynamo wakakataa, mechi ikahesabiwa wamepoteza. Ikaja zamu ya Petro de Luanda, hadithi ileile. Kwa kanuni za FIBA, timu ikigomea mechi mara ya pili katika mashindano inatolewa, na matokeo yake yote yanafutwa. Dynamo wakafunga mabegi wakarudi nyumbani. BAL ikatoa taarifa fupi kwamba klabu imeamua kutofuata kanuni za ligi kuhusu jezi na sare, basi.

Ukiyaweka matukio haya mawili kando kwa kando utadhani ni kitu kimoja: jezi, siasa, mechi haikuchezwa, ushindi wa mezani. Hapana. Berkane waliadhibiwa na wapinzani wao kwa jezi waliyoichagua wenyewe, na CAF ikawalinda. Dynamo waliadhibiwa na ligi kwa jezi ambayo hawakuichagua. Hapo ndipo penye tofauti kati ya mpira wa miguu tunaoujua na kikapu cha BAL, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii kwenye kurasa ambazo kwa kawaida mnazifungua kutafuta Simba na Yanga.

Maana sasa siyo habari ya Burundi peke yake. City Oilers ya Kampala imeshacheza BAL, 2023 na 2024. Espoir Fukash ya Lubumbashi ilicheza 2022. Nairobi City Thunder waliingia 2025, wa kwanza kutoka Kenya. Na Dar City ya hapahapa Dar es Salaam ikakata tiketi ya msimu wa 2026 kupitia michuano ya kufuzu. Tunaingia kwenye nyumba ya watu, ni vizuri tukajua imejengwaje.

NYUMBA ILIVYOJENGWA

Afrika ilikuwa na mashindano ya klabu za kikapu tangu miaka ya 1970, yakisimamiwa na FIBA. Waangola wa 1º de Agosto ndio waliokuwa wababe, na ndio waliolibeba kombe mara ya mwisho mwaka 2019. Kwa kweli nje ya Luanda, Tunis na Cairo ni wachache waliojua kama kuna bingwa wa Afrika wa kikapu. Hakukuwa na televisheni ya maana na hakukuwa na fedha. Klabu ilisafiri kwa kuchangishana.

Februari 2019, wakati wa wikiendi ya All-Star kule Charlotte, NBA na FIBA walitangaza kwamba wataanzisha ligi mpya. Kwa NBA lilikuwa jambo kubwa: mara ya kwanza inashiriki kuendesha ligi nje ya Amerika Kaskazini. Kiti cha urais akapewa Amadou Gallo Fall, Msenegali aliyewahi kuwa msaka vipaji wa Dallas Mavericks. Ilipangwa ianze Dakar Machi 2020. Corona ikasema subirini.

Rwanda ndiyo ikafungua mlango. Ilikuwa na ukumbi mpya wa watu 10,000, Kigali Arena, uliozinduliwa Agosti 2019 (leo unaitwa BK Arena kwa sababu benki imenunua jina). Mei 2021 timu zote 12 zikafungiwa Kigali, wiki mbili, kila mechi palepale. Zamalek wakawa mabingwa wa kwanza kwa kuifunga US Monastir 76-63. Na kwa wale wapenda vituko, Patriots ya Rwanda ilimsajili msanii wa hip hop wa Marekani J. Cole, akacheza mechi tatu. Wapo walionuna, wakasema ni nafasi ya mchezaji halisi imeliwa na mtu maarufu. Lakini jina la BAL likafika mahali ambapo matangazo ya kulipia yasingefika.

Tangu hapo mabingwa wamekuwa hivi: US Monastir 2022, Al Ahly ya Misri 2023, Petro de Luanda 2024, Al Ahli Tripoli ya Libya 2025. Misimu mitano, mabingwa watano tofauti. Sisi tuliozoea kuona Al Ahly wakibeba Ligi ya Mabingwa ya CAF mpaka wamefikisha mataji 12, hili linashangaza kidogo. Sababu nitaigusa.

Kwanza jina lisikudanganye. Inaitwa ligi, lakini kwa macho ya mtu wa soka inafanana zaidi na Ligi ya Mabingwa. Timu 12 kila mwaka. Ilipoanza, nchi sita zilipewa nafasi moja kwa moja kwa mabingwa wao: Angola, Misri, Morocco, Nigeria, Senegal na Tunisia. Wengine wote wanapambana kwenye michuano ya kufuzu, na huko ndiko Dynamo, City Oilers na Thunder walikopita. Rwanda baadaye ikapata nafasi ya moja kwa moja kama mwenyeji. Hakuna kushuka daraja kwa sababu hakuna daraja. Mwaka huu umo, mwakani unaanza upya.

Pili, hakuna nyumbani na ugenini. Hili shabiki wa Tanzania anatakiwa alikae nalo kidogo. Timu zinagawanywa makundi, yanaitwa kanda; mwaka 2025 zilikuwa Sahara, Nile na Kalahari. Kila kanda inakusanyika mji mmoja, inacheza mechi zake zote ndani ya siku tisa kumi hivi, kisha timu nane zinakwenda kumalizia mji mwingine. Mwaka 2025 Kalahari ilikuwa Rabat, Sahara ikawa Dakar, Nile ikawa Kigali, na fainali ikachezwa Pretoria, ambako Al Ahli Tripoli waliinyuka Petro 88-67.

Kwa gharama, mpango huu una akili. Fikiria ungekuwa na timu ya Cape Verde inayotakiwa kwenda Nairobi, halafu Benghazi, halafu Maputo, kwa ndege za Afrika hizi tunazozijua. Ligi ingekufa msimu wa kwanza. Lakini umepoteza kitu ambacho kwenye soka letu ndicho kila kitu. Hakuna "kwa Mkapa hatoki mtu". Thunder walicheza mechi zao zote sita za kundi 2025 Kigali, ndani ya ukumbi wa APR, na APR walikuwa kundi moja nao. Wakenya walisafiri kushangilia, ndiyo, ila mwenye nyumba ni mwenye nyumba.

Tatu, wachezaji. Tangu mwanzo ligi iliweka kikomo cha wageni wanne kwa timu, na kati yao wasiozidi wawili ndio wanaotoka nje ya Afrika. Nia ni nzuri, wazawa wacheze. Kwa vitendo, kwa kuwa msimu ni mfupi, klabu nyingi zinaajiri Wamarekani wawili na Waafrika wawili wazoefu kwa miezi michache tu, wanakuja, wanacheza, wanaondoka. Mwakani timu ina sura nyingine kabisa. Ndiyo maana ubingwa unazunguka. Hakuna aliyejenga himaya, kila mtu anakodi. Kama umewahi kulalamika kuhusu dirisha dogo la usajili, hapa ligi nzima ni dirisha dogo.

KIJANA WA KAWEMPE

Kabla sijaingia kwenye lawama, haki lazima itendeke. Kitu kimoja BAL imekifanya vizuri kuliko mashindano yoyote ya klabu barani, soka likiwemo.

Tangu 2022 kila timu inapewa kijana mmoja kutoka akademi ya NBA iliyopo Senegal. Siyo wa kukaa benchi na kubeba chupa za maji, anapewa dakika. Mmoja wao ni Khaman Maluach. Amezaliwa Sudan Kusini, amekulia Kawempe, Kampala, katika familia ya wakimbizi. Akacheza BAL kwa Cobra Sport ya Sudan Kusini, kisha AS Douanes ya Senegal, kisha City Oilers ya Uganda mwaka 2024. Kiangazi hichohicho alikuwa Olimpiki ya Paris na timu ya taifa ya Sudan Kusini akiwa na miaka 17. Akaenda chuo kikuu cha Duke mwaka mmoja, na Juni 2025 akachaguliwa namba 10 kwenye drafti ya NBA, akatua Phoenix Suns. Mwaka mmoja kabla yake Ulrich Chomche wa Cameroon, aliyekuwa APR, alichaguliwa na kuishia Toronto Raptors.

Wenye umri wangu tunakumbuka 2009, Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies. Nyuma yake, namba 3, alikuwa James Harden. Namba 7 alikuwa Stephen Curry. Tanzania nzima ilijua jina la drafti kwa wiki moja kisha ikasahau. Thabeet alifika huko kwa kupitia chuo cha Marekani, Connecticut, na hakukuwa na ngazi yoyote Afrika ambayo kijana wa pili wa Dar angeweza kuipanda. Sasa ngazi ipo. Mtoto wa Kawempe kaipanda mbele ya macho yetu, akiwa na jezi ya klabu ya Kampala.

Lakini na jezi hiyo ilikuwa na maandishi yaleyale kifuani.

NANI MWENYE LIGI?

Hapa ndipo mtu wa soka anapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Simba au Yanga ikienda CAF inakwenda na jezi yake. Kuna masharti, mdhamini wa klabu asigongane na mdhamini wa CAF, lakini kifua ni cha klabu. Msimu wa 2020/21 Simba ilipoingia Ligi ya Mabingwa iliandika Visit Tanzania. Ilikuwa uamuzi wa Simba na watu wake. Kesho wangetaka kuandika kitu kingine, wangeandika. Klabu inabeba gharama zake, inabeba madeni yake, inabeba na kifua chake.

BAL haiko hivyo. Nguo zinatengenezwa na Nike na Jordan kwa timu zote. Mpira ni wa Wilson. Na wadhamini wakuu wanaingia mkataba na ligi, siyo na klabu. Rwanda kupitia bodi yake ya maendeleo ni miongoni mwa wadhamini waanzilishi. Ililipa ligi, ligi ikaiweka kwenye jezi za timu 12. Dynamo ya Bujumbura hawakuulizwa, kama ambavyo Zamalek hawakuulizwa.

Utasema ndivyo NBA ilivyo, ligi ni kila kitu. Ni kweli nusu. NBA, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1946, ina timu 30 na wenye timu hizo ndio wenye ligi. Wakikaa mezani kuuza haki za televisheni, kama mkataba wa dola bilioni 76 kwa miaka 11 ulioanza msimu wa 2025/26, fedha zinarudi kwao. Wanapopiga kura kuhusu kanuni, ni kura yao. Aliye chini ya mwavuli ndiye aliyeununua.

BAL mwavuli ni wa watu wengine. NBA iliunda kampuni ya NBA Africa, ikatangazwa Mei 2021 ikiwa na thamani ya karibu dola bilioni 1. Wamo wawekezaji wakubwa na wachezaji wa zamani, marehemu Dikembe Mutombo, Luol Deng, Joakim Noah, Grant Hill. Barack Obama naye akaingia miezi miwili baadaye kama mshirika wa kimkakati. Hao ndio wenye mali. Klabu ni mgeni mwalikwa, anayefuzu mwaka mmoja na mwakani huenda hayupo. Mgeni hapigi kura kuhusu pazia.

Halafu kuna kichekesho hiki. Ndani ya NBA yenyewe, tangu msimu wa 2017/18, kila timu inaruhusiwa kuuza kiraka cha tangazo kwenye jezi yake, kwa mdhamini inayemtafuta yenyewe. Septemba 2025 Los Angeles Clippers wakatangaza mdhamini wao mpya wa kiraka. Nani? Visit Rwanda. Clippers walichagua, wakakaa na wanasheria wao, wakasaini, wakapokea hela. Wangeona siasa za Maziwa Makuu ni moto wangeweza kusema hapana, wakatafuta kampuni ya soda. Timu ya Los Angeles, ambako mtu wa kawaida hajui Gatumba iko wapi, ina uhuru wa kukataa tangazo la Rwanda. Timu ya Bujumbura, iliyoko kilomita chache tu kutoka hiyo Gatumba, haina.

BUJUMBURA WALIKUWA NA HOJA GANI?

Kwa wasiofuatilia: Desemba 2023 watu 20 waliuawa katika shambulio karibu na Gatumba, mpakani mwa Burundi na Congo. Waasi wa RED-Tabara ndio walioshambulia, na serikali ya Burundi ikaishutumu Rwanda kwamba inawasaidia. Rwanda ilikana na inaendelea kukana. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Miezi miwili baadaye vijana wa Dynamo wanapewa jezi inayowaalika watu watembelee Rwanda.

Taarifa za wakati ule zilisema serikali ya Burundi ndiyo iliyowazuia. Sasa jiweke wewe. Una miaka 24, umecheza kikapu maisha yako yote kwenye viwanja vya saruji, umefika mashindano makubwa kuliko yote barani, umeshinda mechi ya kwanza. Ukivaa, unarudi nyumbani kwa nani? Usipovaa, ligi imeisha. Utepe ule ulikuwa jaribio la kutafuta njia ya katikati, na wala halikuwa jaribio la ajabu. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté alifunika nembo ya kampuni ya kamari kwenye jezi ya Sevilla kwa sababu ya imani yake, La Liga haikuanguka, na Sevilla ikaendelea kubeba makombe. Lakini Kanouté alikuwa anazungumza na klabu yake. Dynamo walikuwa wanazungumza na mdhamini wa ligi nzima.

Sitaki kuifanya Rwanda ndiyo mbaya wa hadithi hii. Bila Kigali hakuna msimu wa 2021, na bila msimu wa 2021 labda hakuna BAL kabisa. Wametoa ukumbi, wametoa fedha wakati serikali nyingine zilikuwa zinatoa ahadi. Nchi imeamua kujitangaza kwa michezo: Arsenal tangu 2018, PSG 2019, Bayern Munich 2023, mbio za baiskeli za dunia Kigali Septemba 2025. Aliyelipia tangazo ana haki ya kuliona. Kama kuna nchi nyingine ya Afrika Mashariki ilitaka jina lake likae pale kifuani, pochi ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Na Burundi nayo haikujisaidia. Kanuni za jezi zilikuwepo kabla timu haijapanda ndege. Kama serikali ilikuwa na msimamo, ilipaswa kuutoa mapema, mezani, siyo kuwaachia wachezaji wakavae utepe mbele ya kamera halafu wakose mechi. Nani alijadiliana na BAL kabla? Inaonekana hakuna.

Ila kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la ligi. Ukiuza kifua cha timu 12 za Afrika kwa serikali moja ya Afrika, unajua siku moja utakutana na jirani aliyegombana nayo. Huhitaji kuwa mtabiri, unahitaji ramani tu. Kampuni ya bia au ya simu haina mpaka wala jeshi. Serikali inavyo vyote viwili. Mkataba ungeweza kuwa na kipengele: klabu ambayo nchi yake ina mgogoro wa kidiplomasia na mdhamini itavaa jezi isiyo na maandishi, mdhamini atalipwa fidia kwa nafasi nyingine ya tangazo uwanjani. Mistari miwili tu. Soka la Ulaya limezoea mambo haya, klabu zinabadilisha jezi zikienda nchi zinazokataza matangazo ya kamari au pombe, na hakuna mechi inayofutwa.

Baada ya Dynamo, maswali yakafika Marekani. Mwaka 2024 maseneta wawili, Jeff Merkley na Marsha Blackburn, walimwandikia kamishna wa NBA Adam Silver kuhusu uhusiano wa ligi yake na Rwanda. Msimamo wa NBA umekuwa kwamba wanafuata mwongozo wa serikali ya Marekani kuhusu wapi wafanye biashara. Jibu la kisheria, safi kabisa, na halimsaidii chochote mchezaji wa Bujumbura.

Kisha mambo yakazidi kuwa mazito. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawaunga mkono, Kigali inakanusha. Waziri wa Mambo ya Nje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akaziandikia Arsenal, PSG na Bayern akizitaka zivunje mikataba ya Visit Rwanda. Bayern, mwaka huohuo, wakaugeuza mkataba wao ukawa wa kukuza vipaji badala ya matangazo. Klabu kubwa zikitikiswa zina mahali pa kushika. Zinaweza kubadilisha, kuongeza, kupunguza, kuvunja.

Sasa chukulia klabu ya Lubumbashi imefuzu tena BAL kama Espoir Fukash walivyofanya 2022. Wakati ule jezi ilipita bila maneno. Leo, pamoja na yaliyotokea Goma, kuna kiongozi wa klabu ya Congo anayeweza kuwavalisha wachezaji wake jezi yenye maandishi hayo akarudi Kinshasa salama kisiasa? Ligi ikitumia kanuni ileile ya Pretoria, Congo, nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 na vijana warefu kuliko mlango, itakuwa haina timu.

Tanzania haina ugomvi wa namna hiyo na Kigali, kwa hiyo Dar City hawana haja ya utepe. Lakini kuna maswali ya kawaida ambayo viongozi wa klabu zetu wanayajua vizuri kutoka kwenye soka. Mdhamini wa klabu, aliyelipia safari za kufuzu na kambi, anapata nafasi gani kwenye jezi ikifika BAL? Kama anayo kampuni inayogombana na mdhamini wa ligi, nani anapisha? Klabu ikikataa sharti moja, inazungumza na nani, na kabla ya tarehe gani? Haya yanaulizwa timu ikiwa bado Dar, na majibu yanaandikwa, siyo kuahidiwa kwa simu.

Dynamo walipofika kwenye maswali hayo walikuwa tayari wamevaa viatu, Pretoria, na FUS Rabat walikuwa wanapasha misuli upande wa pili.